Maji Yasiyokuwepo: Asili ya Jina la Katarakti na Mtoto wa Jicho

Kwa zaidi ya miaka 1,500 waganga wa macho waliwatibu watu wenye mtoto wa jicho pasipo kujua walichokuwa wakikiondoa. Mganga alimkalisha mgonjwa penye mwanga, msaidizi akamshika kichwa kwa nyuma, sindano ikapita ubavuni mwa jicho, na ule weupe uliokuwa nyuma ya mboni ukasukumwa chini hadi ukatoka njiani. Mgonjwa mwenye bahati alinyanyuka akihesabu vidole. Ungemwuliza mganga wa Roma, wa Baghdad au wa Paris ni kitu gani alichokisukuma, jibu lingekuwa moja: maji. Maji yaliyoteremka kutoka kichwani, yakaingia ndani ya jicho, yakaganda.

Maji hayo hayakuwepo. Kilichosukumwa ni lenzi ya jicho yenyewe, iliyokuwa imepoteza ung'avu wake. Lakini ugonjwa ulikwisha kupewa jina linalosema ni maji, na jina hilo likarithiwa kutoka Kigiriki hadi Kilatini, likaingia Kiarabu, likarudi Kilatini kwa sura nyingine, na kutoka hapo likasambaa katika vitabu vya tiba vya dunia nzima: cataracta, yaani katarakti. Nikilifuatilia neno hili naona jambo ambalo historia za tiba hulipita haraka. Jina la ugonjwa hubeba ndani yake maelezo ya ugonjwa, na maelezo hayo huongoza mkono wa daktari na subira ya mgonjwa hata baada ya watu kusahau kwamba yalikuwa maelezo tu. Sisi tunaosema mtoto wa jicho hatukusalimika. Sehemu ya yale maji ya kale imo katika mashauri wanayopewa wazee wetu hadi leo.

Wagiriki waliuita ugonjwa huu hypochyma, kitu kilichomiminikia chini. Celsus, Mroma aliyeandika kitabu cha tiba katika karne ya 1, alitumia neno la Kilatini lenye maana hiyo hiyo, suffusio, akaueleza upasuaji wa sindano kwa ufasaha ambao daktari wa leo anaweza kuufuata hatua kwa hatua. Tiba ya zama zile ilisimama juu ya majimaji manne ya mwili: damu, kohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Ubongo ulihesabiwa kuwa kiungo chenye unyevu na ubaridi, na unyevu ukizidi ulitafuta pa kushukia. Ukishukia puani, mtu ana mafua. Ukishukia nyuma ya mboni, mtu haoni.

Mtu wa leo huona ajabu kwamba hawakutambua kuwa ni lenzi. Lakini hawakuwa wajinga. Walikuwa wafungwa wa hoja iliyokamilika mno. Galen wa Pergamo, tabibu wa karne ya 2 ambaye neno lake lilitawala tiba kwa karne nyingi, alifundisha kwamba lenzi ndiyo makao ya kuona. Roho ya kuona ilitoka ubongoni, ikapita katika mshipa wa nyuma ya jicho, ikafika kwenye lenzi, na hapo ndipo mtu alipoona. Ukikubali hilo, mengine yanafuata yenyewe. Lenzi ikiharibika au ikiondolewa, mtu atakuwa kipofu kabisa. Sasa, mgonjwa amechomwa sindano, kitu cheupe kimesukumwa chini, naye anaona. Basi kilichosukumwa hakiwezi kuwa lenzi. Lazima kiwe kitu kingine kilichokuwa mbele yake, katika nafasi iliyo kati ya lenzi na mboni. Kila mgonjwa aliyepona aliithibitisha nadharia iliyokuwa na kosa.

Ili maji yapate pa kukaa, nafasi hiyo ilihitajika, na wachoraji wakaitoa. Katika michoro ya jicho ya karne nyingi, lenzi imewekwa katikati kabisa ya jicho la duara, mbele yake kukiwa na uwazi mpana. Katika jicho halisi uwazi huo ni mdogo sana: lenzi iko mbele, nyuma tu ya lile duara la rangi, karibu kuligusa. Yeyote aliyepasua jicho la ng'ombe machinjioni angeweza kuliona hilo. Walipasua, lakini walijua mapema walichotarajia kukuta.

Elimu hiyo ilipohamia Baghdad ilipata lugha iliyoweza kuibeba na wataalamu walioipanua. Hunayn ibn Ishaq, Mkristo wa karne ya 9 aliyefasiri Galen kwa wingi, aliandika makala kumi juu ya jicho ambazo ndizo zilizotoa msamiati wa elimu hiyo kwa Kiarabu. Ugonjwa wetu ukaitwa kwa ufupi al-ma', maji, au nuzul al-ma', kuteremka kwa maji. Msomaji Mwislamu analijua neno nuzul. Ndilo lile la kuteremka kwa Kurani. Baada ya Hunayn walikuja akina Ali ibn Isa wa Baghdad, ambaye kitabu chake cha maradhi ya macho kilisomwa kwa karne kadhaa, na Ammar ibn Ali wa Mosul, aliyefanya kazi Misri mwanzoni mwa karne ya 11 chini ya Khalifa al-Hakim.

Huyu Ammar ananivutia kuliko wote. Aliyachukua maneno ya walimu wake kwa uzito ambao wao wenyewe hawakuwa nao. Kama ni maji, alifikiri, kwa nini tuyasukume pembeni wakati tunaweza kuyafyonza? Akatengeneza sindano ya chuma yenye tundu, akaiingiza kwenye jicho na kuyavuta nje. Ajabu ni kwamba kwa baadhi ya wagonjwa njia hiyo ingeweza kufaa. Kwa vijana, na kwa baadhi ya watu walioumia jicho, lenzi iliyoharibika huwa laini kiasi cha kuvutika. Miaka zaidi ya 900 baadaye, mwaka 1967, daktari wa New York aitwaye Charles Kelman alianzisha mashine inayoivunjavunja lenzi kwa mitetemo ya sauti isiyosikika na kuifyonza kupitia tundu dogo, wazo alilolipata kwenye kiti cha daktari wa meno. Ammar alifika mlango wa nyumba hiyo kwa kufuata njia isiyo sahihi, naye aliongozwa na jina.

Kutoka Kiarabu neno lilirudi Ulaya. Anayetajwa zaidi ni Constantine Mwafrika, mzaliwa wa nchi ambayo leo ni Tunisia, aliyeishia katika monasteri ya Monte Cassino huko Italia kusini na kufariki mwishoni mwa karne ya 11. Alifasiri vitabu vya tiba vya Kiarabu kwa Kilatini, na miongoni mwake kile cha Hunayn juu ya jicho. Badala ya kurudia suffusio ya Celsus, Kilatini cha Zama za Kati kikashika cataracta, neno ambalo Warumi walilikopa kwa Wagiriki. Asili yake ni kitenzi chenye maana ya kuanguka kwa kishindo, na lilikuwa na maana mbili za kawaida. Kwanza ni maporomoko ya maji. Wanajiografia wa kale waliliita hivyo poromoko la Mto Nile pale Aswan, na hadi leo vitabu vya jiografia huyahesabu maporomoko sita kati ya Aswan na Khartoum kwa jina hilo hilo. Pili ni lango la chuma la ngome, lile linaloshushwa kutoka juu kuziba njia.

Wataalamu wamevutana ni ipi kati ya hizo mbili iliyokusudiwa. Wanaoshikilia lango wana hoja nzuri, maana mgonjwa mwenyewe huhisi kitu kimeshuka mbele ya macho yake na kumfungia dunia. Mimi naelemea maporomoko. Mfasiri alikuwa na maneno ya Kiarabu mbele yake, maneno hayo yalisema maji yanateremka, na Kilatini kilikuwa na neno moja kwa maji yateremkayo. Hata hivyo sidhani msomaji wa zama zile alilazimika kuchagua. Maana zote mbili zilisema kitu kimoja: kilichoziba kimetoka juu, kimetoka nje ya lenzi, na kinaweza kuondolewa pasipo kuigusa.

Lenzi nayo ina jina lililotoka jikoni, na hapa Kiswahili kina haki ya kujitokeza. Wagiriki waliifananisha umbo lake na punje ya dengu, phakos. Walatini wakasema lens, dengu vilevile. Waarabu wana adasa, na ndiyo adesi inayopikwa Unguja na Mombasa. Mwanafunzi wa fizikia anaposema lenzi na mpishi wa pwani anaposema adesi, wote wawili wanataja punje ile ile. Jina hilo halikumdhuru mtu, kwa sababu lilieleza umbo tu na halikudai kujua kazi.

Kazi ilianza kueleweka mwishoni mwa karne ya 16. Felix Platter, tabibu wa Basel, aliandika mwaka 1583 kwamba kiungo kinachopokea nuru ni retina, ule utando wa nyuma ya jicho, na kwamba lenzi ni kioo chake tu. Johannes Kepler, yule yule wa sayari, alionyesha mwaka 1604 kwa hesabu za mwanga jinsi picha inavyoundwa kichwa chini juu ya retina. Mwaka 1619 Christoph Scheiner, padri Mjesuti, alichora jicho lenye lenzi mahali pake pa kweli, mbele. Nguzo ya Galen ilikuwa imeanguka, kwani kama lenzi si makao ya kuona, mtu anaweza kuikosa na bado akaona. Ingetarajiwa kwamba madaktari wa macho wangelishika jambo hilo mara moja. Ilichukua karibu karne nyingine nzima. Wanajimu na wanahesabu walikuwa wakisoma vitabu vingine, na wachoma sindano wengi walikuwa mafundi wa kuzunguka mijini na minadani ambao hawakusoma kabisa.

Mwaka 1705 tabibu Mfaransa Pierre Brisseau alipata maiti ya askari aliyekuwa na mtoto wa jicho. Alifanya juu ya maiti ile upasuaji wa sindano kama ambavyo ungefanywa kwa mtu aliye hai, kisha akalifungua jicho. Kilichokuwa kimelala chini, ndani ya ute wa jicho, ni lenzi iliyoingia weupe. Hapakuwa na utando wala maji yaliyoganda. Alipeleka habari hiyo kwenye Chuo cha Sayansi cha Paris, na wakubwa wa pale wakaipinga.

Pingamizi lao linafaa kutazamwa kwa makini, kwa sababu nalo lilikuwa ugomvi wa majina. Vitabu vya kale vilikuwa na ugonjwa mwingine unaoitwa glaucoma. Kwa Galen na warithi wake, glaucoma ndiyo ilikuwa kuharibika kwa lenzi yenyewe, na kwa kuwa lenzi ndiyo kuona, ugonjwa huo haukuwa na tiba. Hypochyma ilitibika na glaucoma haikutibika. Hiyo ndiyo ilikuwa tofauti. Sasa Brisseau anasema kitu kinachotibika kiko kwenye lenzi. Masikioni mwao alikuwa anasema katarakti ni glaucoma, kwamba kinachopona ni kisichopona, na hilo lilionekana upuuzi wa wazi. Miaka miwili baadaye Antoine Maître-Jan, daktari wa upasuaji aliyekuwa amefikia hitimisho hilo hilo kwa wagonjwa wake mwenyewe, alichapisha kitabu. Ushahidi ukajaa, na baada ya miaka michache Chuo kikakubali. Maji yakatoweka kwenye sayansi, lakini jina la maporomoko likabaki na likazoeleka mno hata hakuna aliyeona haja ya kulibadilisha.

Ukweli ulipojulikana, mikono nayo ilibadilika. Kama tatizo ni lenzi, kwa nini iachwe ndani ya jicho ikiozea humo? Mfaransa mwingine, Jacques Daviel, alianza mwaka 1747 kuikata konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, na kuitoa lenzi nje, na mwaka 1753 maelezo yake yalichapishwa. Njia ya sindano haikufa siku hiyo. Mwaka 1750 mtunzi wa muziki Johann Sebastian Bach alichomwa macho mara mbili mjini Leipzig na John Taylor, Mwingereza mwenye maneno mengi aliyezunguka Ulaya, akawa kipofu na kufariki miezi michache baadaye. Taylor huyo huyo alimshughulikia pia mtunzi mwenzake Handel, ambaye naye hakupona.

Aliyetolewa lenzi kwa njia ya Daviel aliona, ila kwa miwani mizito kama vitako vya chupa. Hali hiyo ilidumu hadi Harold Ridley, daktari wa macho wa London. Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliwatibu marubani waliopata vipande vya kioo cha plastiki, Perspex, machoni mwao ndege zao zilipopigwa, akagundua kwamba vipande hivyo hukaa ndani ya jicho pasipo kulichokoza. Tarehe 29 Novemba 1949, katika Hospitali ya St Thomas', aliweka ndani ya jicho la mgonjwa lenzi iliyotengenezwa kwa plastiki ya aina hiyo. Wenzake wengi walimpinga kwa miongo kadhaa. Leo lenzi bandia ndiyo tiba ya kawaida, na kwa nchi zetu kilichoifanya ifikike ni kushuka kwa bei: viwanda kama Aurolab cha Madurai, India, kilichoanzishwa mwaka 1992, na maabara iliyofunguliwa Asmara, Eritrea, mwaka 1994 kwa juhudi zilizoanzishwa na daktari Mwaustralia Fred Hollows, vilitengeneza lenzi kwa sehemu ndogo ya gharama ya zamani. Pasipo hilo, kazi inayofanywa katika hospitali za CCBRT Dar es Salaam, KCMC Moshi au Kikuyu nchini Kenya ingebaki ya wenye fedha.

Ugonjwa wenyewe, kwa maelezo ya leo, ni huu. Lenzi imejaa protini zilizopangwa kwa ustadi kiasi kwamba mwanga hupita kati yake pasipo kutawanyika. Nyuzi zake huongezwa kwa nje maisha yote na hazitupwi kamwe. Kiini cha lenzi ya bibi wa miaka 80 kiliundwa akiwa tumboni mwa mama yake. Protini hizo hazibadilishwi, kwa hiyo kila dhara linalozipata hujilimbikiza: miaka, mwanga mkali wa jua, sigara, kisukari, dawa za jamii ya steroidi zikitumiwa muda mrefu, pigo la jicho. Protini zikishikamana, mwanga hutawanyika, na mtu huanza kuona kama kwamba kuna moshi. Taa za magari usiku humsumbua, rangi hufifia, miwani hubadilishwa na haisaidii. Kwa makadirio ya mwaka 2020, kati ya watu wapatao milioni 33.6 wa miaka 50 na zaidi waliokuwa vipofu duniani, zaidi ya milioni 15 walipofushwa na hali hii, ambayo upasuaji wa chini ya nusu saa huiondoa.

Sasa tuje nyumbani. Kiswahili kina neno la kale kabisa la jicho, mboni, na ukilichimba utakuta kitenzi cha Kibantu -bona, kuona, ambacho Wazulu wangali nacho kwa sura hiyo na sisi tumekipunguza kikawa -ona. Mboni ni kile kinachoona. Lugha nyingine zilitazama pale pale zikaona kijitu kinachoakisiwa ndani yake: Wagiriki waliita msichana, Warumi kibinti, Waarabu mtu wa jicho. Kuhusu ugonjwa, kamusi za zamani zina chamba cha jicho, utandu mweupe, neno ambalo vijana wengi wa leo hawalijui. Lililoenea kila mahali, kuanzia Lamu hadi Bukavu, ni mtoto wa jicho.

Kwa nini mtoto? Naliona jina hili katika mwendo wa kawaida wa lugha yetu, inayoita mtoto kitu kidogo kilichomo ndani ya kikubwa. Saraka ni mtoto wa meza. Weupe mdogo ndani ya jicho ni mtoto wake. Kwa upande huo jina letu ni bora kuliko cataracta, kwa kuwa halidai kujua maji wala utando wala chanzo. Linataja kinachoonekana na kuacha mlango wazi. Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka vitabu vya shule vitumie katarakti peke yake kwa kudhani ni neno la kisayansi zaidi. Sayansi iliyomo ndani ya neno hilo ilikwisha kukataliwa mwanzoni mwa karne ya 18. Liwepo, kwa mwanafunzi atakayesoma majarida ya nje, lakini mtoto wa jicho liwe ndilo neno la somo.

Tatizo liko kwenye kinachoambatana na mtoto. Mtoto hukua, na akikua hukomaa. Mzee akianza kuona ukungu huambiwa na jirani, na wakati mwingine hata na mhudumu wa afya, asubiri mtoto wa jicho akomae ndipo apasuliwe. Huonekana kama hekima iliyotokana na neno letu wenyewe. Lakini shauri hilo lina umri wa karibu miaka 2,000. Celsus aliandika kwamba mganga asichome sindano mapema. Angoje hadi kile kilichomiminika kiache kuwa majimaji na kishike ugumu. Ilikuwa kanuni ya maji yanayoganda. Baadaye, hadi miongo ya mwisho ya karne ya 20, madaktari wengi walipokuwa wakiitoa lenzi nzima kwa mpigo mmoja, kungoja kulikuwa na faida ya kiufundi, hivyo kanuni ikapata maisha mapya kwa sababu nyingine. Sababu zote mbili zimekwisha. Kwa upasuaji wa leo, wakati wa kuondoa mtoto wa jicho ni pale anapomzuia mtu kufanya shughuli zake: kushona, kusoma, kuendesha, kutambua noti sokoni. Kungoja hadi mboni iwe nyeupe kabisa ni kuifanya kazi iwe ngumu zaidi. Lenzi iliyoachwa mno huanza kuyeyuka kwa nje, hali iliyopewa jina la Morgagni, Mwitalia wa karne ya 18. Majimaji hayo yanaweza kuvuja na kuziba njia za jicho, na mgonjwa akaamka na maumivu makali na presha ya ndani iliyopanda. Hapo, na hapo tu, maji ya wazee wa kale huwa ya kweli.

Kusubiri kuna hatari nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo inaturudisha kwenye lile jina la pili, glaucoma. Katika karne ya 19 neno hili lilihamishwa. Hermann von Helmholtz alibuni mwaka 1851 kifaa cha kutazamia ndani ya jicho, na madaktari wakaona kwa mara ya kwanza jinsi kichwa cha mshipa wa fahamu wa jicho kinavyoliwa taratibu kwa baadhi ya wagonjwa. Glaucoma ikawa jina la ugonjwa huo wa mshipa, ambao mara nyingi huambatana na shinikizo kubwa ndani ya jicho. Asili ya neno ni glaukos, rangi ya buluu-kijivu ya bahari, na Waarabu wameishika rangi hiyo: glakoma kwao ni maji ya buluu, na mtoto wa jicho ni maji meupe. Waswahili wanaoishi Muscat huyasikia majina hayo mawili hospitalini, maji na maji, kama kwamba ni ndugu.

Si ndugu. Aliyepofuka kwa mtoto wa jicho hurudishiwa kuona. Kilicholiwa na glakoma hakirudi, na dawa huzuia tu kisiendelee kuliwa. Kwa familia iliyoko nyumbani magonjwa haya mawili hufanana: mzee anapapasa, anajikwaa, anasema haoni vizuri. Wakimwambia angoje mtoto akomae, na kumbe ni glakoma, kila mwezi wa kungoja ni kipande cha kuona kilichopotea moja kwa moja. Huu ndio uzito wa majina ninaousema.

Na jina tulilolipa glakoma kwa Kiswahili linazidisha utata. Presha ya macho ni rahisi kutamka, lakini presha kwetu ni ile inayopimwa mkononi. Mgonjwa anayemeza vidonge vya presha anaweza kuamini kwamba macho yake nayo yametibiwa, na yule ambaye kipimo cha mkono kimekuwa kizuri anaweza kuona hana haja ya matone ya macho. Zaidi ya hayo, wapo wenye glakoma ambao shinikizo la jicho lao haliko juu hata kidogo. Hapa ningependelea glakoma itamkwe kwa jina lake na kufafanuliwa kila mara kuwa ni ugonjwa wa mshipa wa fahamu wa jicho. Neno geni lisilo na maana masikioni lina usalama kuliko neno la kienyeji lenye maana ya ugonjwa mwingine.

Limebaki kundi ambalo jina la mtoto wa jicho huligusa kwa namna ya pekee, nao ni watoto wenyewe. Wapo wazazi wanaodhani ugonjwa huu ni wa wazee tu. Mwaka 1941 Norman Gregg, daktari wa macho wa Sydney, aliona watoto wachanga wengi wenye lenzi nyeupe wakiletwa kwake kwa kipindi kimoja, akawauliza mama zao, akagundua kwamba walikuwa wameugua rubela mwanzoni mwa ujauzito. Chanjo ya surua na rubela imeingia katika chanjo za watoto Tanzania tangu 2014 na Kenya tangu 2016, na inakinga pia macho ya wasiozaliwa. Kwa mtoto mchanga neno kukomaa halina nafasi kabisa. Ubongo hujifunza kuona katika miezi na miaka ya mwanzo, na jicho lililozibwa wakati huo halifundishiki baadaye hata lenzi ikisafishwa vizuri kiasi gani. Tena weupe ndani ya mboni ya mtoto unaweza usiwe mtoto wa jicho. Unaweza kuwa saratani ya retina, inayoua isipotibiwa. Mama akiona mboni ya mwanawe inang'aa nyeupe, kwenye mwanga au kwenye picha ya simu, ampeleke kwa daktari wa macho wiki hiyo hiyo, hata kama mtoto anacheza na haonyeshi kuumwa popote.